Mvua Ikinyesha, Ndunge Anapotea

Wekeni simu chini kwanza. Mkitaka kunisikiliza, nisikilizeni vizuri, kwa sababu nimekasirika na sitarudia.

Juzi mtoto wa dada yangu alikuja kunisalimia kutoka Syokimau. Ni kijana mzuri, amesoma, ana gari, na kazi yake ni kusimamia watu wa kampuni fulani wanaofanyia kazi nyumbani kwao. Nikampikia chai, nikamkatia mkate, tukaulizana habari za watu wetu. Halafu simu yake ikalia. Akasikiliza, akacheka, akaikata, akaniambia, "Auntie, hawa watu wa kufanyia kazi nyumbani ni wajanja sana. Mtu akitaka kulala anasema net imepotea."

Nikamwuliza, "Ulienda ukamwona amelala?"

"Niende wapi, auntie? Si iko kwa sistimu. Naona tu hayuko."

Iko kwa sistimu! Jameni. Nilimnyang'anya kikombe. Ndiyo, nilikichukua kikombe changu na chai ikiwa bado ndani, nikamwambia arudi Syokimau akafikirie vizuri. Jioni dada yangu akanipigia kuniuliza kama nimeanza kuzeeka vibaya. Sijazeeka vibaya. Ni vile maneno hayo niliwahi kuyasikia zamani, huyo kijana akiwa bado anavaa kaptura, na nilimwona mtu aliyeumizwa nayo. Anaitwa Ndunge. Nitawaambia habari zake, halafu nyinyi mafundi vijana mnaobeba marauta, vile visanduku vya mtandao, kwenye mikoba mizuri mtajiamulia wenyewe.

Mimi naitwa Mama Kioko. Nilianza kazi kwenye simu za waya, zile za nguzo, hapa hapa Machakos. Siku niliyofika na suruali yangu mpya ya kazi, mafundi walicheka hadi wakakaa chini. Mwanamke apande nguzo, watoto wa shule wakiangalia! Mzee Musembi, aliyekuwa mkubwa wao, hakucheka. Alinipa mkanda wa kupandia akasema, "Ukianguka, angukia upande ule. Huku nimepanda sukuma wiki." Nikampenda kuanzia siku hiyo.

Huyo mzee alikuwa na tabia iliyotuudhi sote. Tukifika kwa mtu ambaye simu yake imekufa, hakuruhusu mtu afungue mkoba wa vyombo kabla ya kuzunguka boma. Uzunguke uangalie kama kuna mti umekatwa, kama kuna choo kipya, kama mbuzi amefungwa mahali hakuwa akifungwa. Tulinung'unika, jua linatuchoma, lakini tukazunguka. Mara moja tulikuta mama mmoja ameanika blanketi zake zote kwenye waya wetu, blanketi zilizolowa, waya umelala hadi karibu uguse nyasi. Musembi alipomwuliza, yule mama akajibu bila wasiwasi kwamba alidhani serikali imewaletea kamba ya nguo.

Halafu simu za mkono zikaja, wezi wakamaliza waya kwenye nguzo, na sisi tukaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Wengine walirudi kulima. Mimi nilikataa. Nikajifunza mtandao wa hewani, nikisoma, nikiuliza, nikiharibu na kurekebisha. Nyinyi leo mnafungua boksi, kila kitu kimo ndani, hata skrubu. Sisi antena nyingine tulizitengeneza kwa mkebe wa maziwa ya mtoto, na zilifanya kazi. Kuelekeza antena kulikuwa ni kupiga kelele. Mmoja yuko juu ya paa, mwingine yuko ndani anaangalia kompyuta: "Kushoto! Kidogo! Umepita! Rudi! Hapo hapo, usipumue!"

Na mambo mengine hayajabadilika, kwa hivyo myashike. Usifunge antena chini ya mabati ukategemea miujiza. Waya ukiingia nyumbani uache uning'inie chini kidogo kabla haujapanda kwenye tundu la ukuta, ili maji ya mvua yadondokee hapo nje badala ya kuufuata hadi ndani ya rauta. Na maji hayapendani na mawimbi. Mti ukiwa mkavu unaweza kupitisha, ukichipua majani na majani yakilowa, kwisha maneno. Hilo la miti nililijua vizuri. Kumbe kulikuwa na lingine.

Sasa njooni kwa Ndunge.

Hapa mjini kulikuwa na ofisi, kwenye ghorofa moja karibu na soko, iliyokuwa inachapa maneno. Watu wa ng'ambo wanatuma sauti za mikutano yao kwa mtandao, na watoto wetu wanavaa vile vya masikioni, wanasikiliza na kuchapa. Mimi ndiye niliyewafungia mtandao wote. Ndunge alikuwa mchapaji wao bora. Vidole vyake ukivisikia unadhani mvua imeanza kwenye mabati. Kwao ni Katelembo, na huko alikuwa anaishi na mama yake, wawili tu.

Halafu mama yake akaanguka akavunjika nyonga. Alitoka hospitali akiwa mtu wa kukaa kwenye kiti na kushikwa mkono hata kwenda chooni. Ndunge hangeweza kumwacha kuanzia asubuhi hadi jioni, na dada wa kumwachia hakuwa naye. Akaomba afanyie kazi nyumbani, wakamkubalia, kwa sababu hata ofisi yenyewe ilikuwa inataka kupunguza viti. Kwa hivyo elewaneni nami vizuri hapa: hiyo kazi ndiyo kazi pekee Ndunge angeweza kufanya akiwa karibu na mama yake. Ikipotea, hakuna nyingine.

Nilienda Katelembo kumfungia mwezi wa tisa, jua kali, vumbi hadi kwenye meno. Kutoka nyumbani kwao unaliona paa la ile ghorofa ya ofisi, mtandao unakotoka, lakini kwa mwanya mmoja tu. Upande huu mikaratusi ya jirani, upande ule banda la ng'ombe la mabati. Katikati ya huo mwanya, kwenye kona ya nyumba, limesimama tenki la plastiki jeusi ambalo kikundi cha akina mama kilimsaidia mama yake kununua. Mimi mlingoti ni kitu cha kwanza ninachoomba kila mahali. Nikampigia msimamizi wao, Bwana Maundu, nikamwambia nahitaji bomba refu niinue antena juu ya hayo yote.

"Mtandao unashika hapo chini?" akauliza.

Nikajaribu. Nikaiweka ukutani nyuma ya tenki, usawa wa kichwa changu. Nililigonga tenki kwa kidole, likalia ngoma, tupu kabisa, na mawimbi yakapita ndani yake bila shida. Kipimo kikajaa.

"Unashika," nikasema.

"Basi mlingoti wa nini, Mama Kioko?"

Ikawa hivyo. Mtandao ulifanya kazi bila kukohoa. Vita pekee vilikuwa kati yangu na mama yake Ndunge, ambaye alikuwa ameifunika rauta kwa kitambaa cha kufuma, kizuri, cha maua ya waridi, kama alivyofunika redio, viti na kila kitu kilichokaa kimya ndani ya nyumba ile. Nilikitoa nikamweleza kwamba rauta inapata joto na inahitaji kupumua. Alinisikiliza kwa heshima zote. Niliporudi mara nyingine, kitambaa kimerudi, na safari hii kina tundu katikati.

"Si inapumua sasa?" akaniambia.

Mvua zikaanza. Na shida ikaanza nazo.

Bwana Maundu aliniita ofisini. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi hadi linasimama lenyewe, mtu asiyepaza sauti, na hiyo adabu yake ndiyo iliyoniudhi zaidi, kwa sababu mtu mwenye kelele unaweza kumjibu kwa kelele. Akanigeuzia kompyuta yake nione.

"Mama Kioko, mimi ni mtu wa Masii," akasema. "Nimezaliwa shambani. Mvua ya kwanza ikigusa udongo, Mkamba hakai ofisini. Hata mimi nikiwa shule nilikuwa natoroka kwenda kupanda. Sasa angalia. Mvua ikinyesha, Ndunge anapotea. Jua likiwaka siku kadhaa, Ndunge anarudi. Mvua tena, amepotea. Unataka nikwambie nini?"

"Labda ni vifaa."

"Vifaa vya wengine viko sawa. Na mvua iko mjini pia."

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Nimemwuliza. Anasema yuko kwa kiti, anangoja." Akatabasamu. "Si ndivyo angesema?"

Kinachonichoma hadi leo ni kwamba maneno yake yalikuwa yanaingia akilini. Kila mtu wa huku angeyaamini. Wachapaji wenzake waliyaamini. Nilipita katikati ya meza zao nikasikia mmoja akimwuliza mwenzake Ndunge yuko wapi, mwenzake akajibu, "Ameenda kupanda pojo," na meza nzima ikacheka. Mtu ambaye alipokuwa ofisini walikuwa wanamwazima kalamu! Bwana Maundu alikuwa amesema mbele ya mkutano wa ofisi nzima, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba kuna mtu analipwa kwa kazi na anaenda kulima. Akaniambia mwisho wa mwezi Ndunge anaachishwa. Kama nataka kuangalia vifaa, niangalie, lakini yeye alikuwa ameshaamua.

Kesho yake nikaenda Katelembo kwa buti za mpira, matope yakinivuta miguu kila hatua. Nilimkuta Ndunge mbele ya kompyuta, vya masikioni viko shingoni, macho mekundu. Alama ya mtandao ilikuwa imekufa.

"Sitoki hapa, Mama Kioko," akaniambia kabla sijamsalimia. "Hata chooni nakimbia. Naogopa inaweza kurudi wakati sipo, halafu Bwana Maundu aseme si nilikwambia."

"Mwaka huu hata mwethya hajaenda," mama yake akadakia kutoka kwenye kiti chake barazani. Mwethya, kwa nyinyi mliokulia Syokimau, ni ule umoja wa akina mama wa kulimiana kwa zamu: leo wote kwako, kesho wote kwangu. "Wenzake wanampigia kelele pale njiani, Ndunge, twende! Yeye anawapungia mkono dirishani. Sasa wanasema anaringa."

"Mwaitu, nyamaza," Ndunge akamwambia mama yake.

Nikazunguka boma, kama Musembi alivyonifundisha. Hakuna kilichojengwa, hakuna kilichokatwa. Nyumba ni ile ile, banda ni lile lile, tenki liko pale pale nilipoliacha. Nikafungua viungo vya waya, vikavu. Nikabadilisha redio ya antena, kile kifaa cha kurusha mawimbi, kapa. Nikabadilisha waya wote, kapa. Mvua imekata, jua linatoka, na kipimo kimelala kabisa. Nikaanza kuongea peke yangu, na si maneno ya kuwaambia nyinyi.

"Wewe fundi," mama yake akaniita, "utatukana hadi jioni bila kunywa maji? Chukua kikombe, fungua hapo kwa tenki."

Nikachukua kikombe, nikafungua bomba, nikaegemea tenki nikinywa. Na kwa mazoea tu, kama kila mtu wa Ukambani anavyofanya akisimama karibu na tenki, nikaligonga kwa kidole.

Halikulia. Lilitoa mlio mzito wa kitu kilichojaa hadi juu.

Nilisimama na maji mdomoni bila kuyameza. Sisi watu wa huku tenki tunalijua likiwa tupu! Maisha yangu yote tenki ni kitu unachogonga kikalia ngoma, ukaguna, ukachukua mtungi na kuelekea mtoni. Nililipima hilo tenki likiwa tupu, likapitisha mawimbi vizuri, na sikufikiria hata kidogo kwamba siku moja litajaa. Nani angefikiria? Sasa kati ya antena na mjini kulikuwa na ukuta mnene wa maji. Mvua ikinyesha, tenki linajaa, Ndunge anapotea. Wakitumia wao na ng'ombe na majirani siku kadhaa, maji yanashuka chini ya antena, Ndunge anarudi. Mvua tena, amepotea.

Sikungoja. Niliing'oa antena ukutani, nikapanda ngazi hadi juu ya paa, mabati yakiteleza, nikaiinua kwa mikono yote miwili juu ya kichwa changu.

"Imerudi!" Ndunge akapiga yowe ndani. "Mama Kioko, imerudi!"

"Sawa, nashuka!"

"Usishuke! Tafadhali! Kaa hapo hapo nimalize hii moja tu niitume!"

Na nikasikia vidole vimeanza. Basi mimi ndiye niliyekuwa mlingoti. Nilisimama juu ya paa la Katelembo mikono juu, manyunyu yananiingia kwenye mikono ya koti, mama yake akinicheka kutoka chini na kunipa pole kwa zamu, hadi mabega yakaanza kutetemeka. Alimaliza, akatuma, ndipo nikashuka. Ndunge alikuwa analia. Mimi pia nilikuwa karibu, ila mimi ilikuwa ni hasira.

Nikampigia Bwana Maundu pale pale, nikamweleza yote, tenki, maji, mlingoti niliouomba nikanyimwa.

Halafu akacheka, kwa adabu. "Mama Kioko. Mtandao unatoka Ulaya, unavuka bahari nzima, halafu ushindwe na tenki la Ndunge?"

"Bahari unaivuka ukiwa ndani ya waya!"

"Mimi nakuheshimu. Lakini unamhurumia huyu msichana, naelewa."

"Njoo uone."

"Nije nione tenki?"

"Njoo uone, Bwana Maundu! Umemsema mtu mbele ya ofisi nzima, na hujawahi kukanyaga kwao. Usipokuja nitakuja mimi kwenye mkutano wako wa Jumatatu na nitaongea mpaka unifukuze."

Alikuja. Nafikiri aliogopa ule mkutano. Mvua ilikuwa imenyesha sana, tenki linafurika hadi juu, gari lake alilazimika kuliacha barabarani na kuja kwa miguu, akikanyaga mawe mawe kama kuku. Akamsalimia mama vizuri, akaingia, akaona alama imekufa. Nikamwambia nipande paani nimwonyeshe.

"Hapana," akasema. "Ukiwa huko juu sitajua unafanya nini. Kama ni maji, ni rahisi. Yamwageni. Yakiisha na mtandao ukirudi, nitaamini."

Nilidhani nimesikia vibaya. Ndunge aliweka mkono mdomoni.

Mama yake, ambaye kushikwa mkono ndiyo asimame, karibu asimame mwenyewe. "Tumwage maji?" akasema. "Wewe ulisema ni mtu wa wapi?"

"Masii, mama."

"Masii gani hiyo watu wanamwaga maji?"

Bwana Maundu akaangalia chini, lakini hakurudisha maneno yake. Angalieni ubaya wa hilo jambo. Mtu amekaa mjini, mfereji wake unatoa maji akiufungua, anakuja kwa mama mgonjwa kumwambia amwage maji ya mvua chini ili yeye apate kuamini kwamba binti yake si mwongo. Nilitaka kumpiga kwa ile antena. Nasema kweli, niliishika vizuri.

Aliyetuokoa ni Ndunge. Alitoka hadi njiani, akina mama wa mwethya walikuwa wanarudi kutoka shambani na majembe begani, akawaita. Sikusikia alichowaambia. Niliona tu wamesimama, wamemtazama, wametazama shati la Bwana Maundu, halafu wametawanyika kila mmoja upande wake. Nikadhani hawataki maneno ya Ndunge.

Wakarudi na mitungi. Wengine wameileta kwa punda, wengine mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso. Bomba likafunguliwa, mmoja akapanda juu ya ngazi akawa anateka kwa ndoo kutoka kwenye mfuniko, na maji yakaanza kuondoka, hakuna hata tone lililokwenda ardhini. Kazi yao haikukosa mdomo. "Bwana mkubwa, shika mtungi basi, au ofisini hamna mikono?" "Mwacheni, atachafua kola." Mimi nililigonga tenki kadiri maji yalivyoshuka, na mlio mzito ukafuata maji chini. Ndunge amekaa kwenye kompyuta. Bwana Maundu amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, anatazama alama, hageuki.

Maji yalipofika usawa wa kifua changu, Ndunge akasema, "Inakuja. Imeenda. Inakuja." Mtungi mwingine, na mwingine. Halafu hakusema kitu tena. Tulisikia vidole.

Akina mama wakasimama na ndoo zao mikononi. Bwana Maundu akatoka nje, akakohoa.

"Sawa," akasema. "Nimeona. Basi hili tenki lisogezwe."

"Tenki linakaa mahali maji ya paa yanaangukia," mama yake Ndunge akamjibu. "Sogeza mtandao wako."

Akakubali mlingoti. Akatoa kitambaa akajipangusa tope kwenye viatu. "Ni bahati mbaya tu," akaniambia mimi, si Ndunge, na akaanza kuelekea njiani.

"Kijana wa Masii," mama akamwita. "Kabla hujaenda. Geuka uangalie huko chini."

Akageuka. Sote tuligeuka. Mashamba ya Katelembo yameshuka matuta kwa matuta, na mvua ilikuwa imefanya kazi yake: mahindi yamefika magotini, kunde zimefunika chini, kijani tupu kila upande hadi mtoni. Na katikati, kutoka kwenye kona ya nyumba hadi kwenye ua wa jirani, kulikuwa na kipande cha udongo mwekundu. Hakuna tuta lililoguswa. Hakuna hata shina moja la hindi, ni magugu tu na mabua ya mwaka uliopita.

"Hilo ndilo shamba ulilosema anapanda saa za kazi," mama yake akasema.

Mmoja wa wale akina mama, mkubwa wao, akaweka ndoo chini akasema polepole, "Na sisi tulisema anaringa." Ndani ya nyumba Ndunge alikuwa bado anachapa, hakusimama, alikuwa na kazi za siku nyingi za kufidia.

Mlingoti ulikuja, nikausimamisha mwenyewe, antena ikakaa juu ya tenki, juu ya banda, juu ya kila kitu, na mtandao haukupotea tena, wala Ndunge hakuachishwa kazi. Jumatatu nilikaa nyuma kwenye mkutano wa ofisi nikasikie atasema nini. Alisema kulikuwa na tatizo la kiufundi upande wa Katelembo na limetatuliwa. Basi. Tatizo la kiufundi! Alikuwa amemwita mtu mwizi wa saa mbele ya wenzake kwa maneno yanayoeleweka na kila mtu, na alipokuja kumsafisha akatafuta neno lisilo na mtu ndani yake. Niliinuka nikawaambia mimi habari ya shamba. Wale waliocheka pojo waliinamia meza zao. Bwana Maundu hakuniita kazini tena baada ya hapo, na sikumwuliza kwa nini.

Kwa hivyo nyinyi na sistimu zenu. Mtu akipotea kwenye skrini yako, vaa viatu uende kwao. Zunguka boma kwanza. Kama huwezi kwenda, basi mwulize, na akikujibu, mwamini mpaka uone kingine kwa macho yako. Na mtoto wa dada yangu akitaka kumalizia chai yake, namkaribisha, ila aje akiwa ameshafika kwa huyo mtu aliyemcheka.

Wale akina mama wa mwethya walikuja na majembe asubuhi iliyofuata siku ile ya mitungi, wote, bila kuitwa, wakalima lile shamba na kulipanda. Lakini mvua ilikuwa inaishia. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakakauka yakiwa yamesimama. Mwaka huo watu wa Katelembo walivuna vizuri, na Ndunge na mama yake walinunua unga dukani.